Dantie ya Mama ilikataa kukaa: mambo niliyojifunza juu ya implanti

Leo sitaandika juu ya muhogo wala juu ya bei ya mbegu. Nitaandika juu ya meno. Najua wengine watauliza: huyu agronomu ameingia wapi? Mungoje kidogo. Mtaona ya kwamba jambo lenyewe ni la udongo, la mizizi na la erozyo, na hiyo ni kazi niliyosomea. Tena ni jambo la nyumbani kwetu, na kwa wengi wenu pia liko nyumbani pasipo ninyi kujua, juu wazazi wetu hawapendi kulisema.

Mwaka jana, siku ya mahari ya mdogo wangu wa kike, wageni walijaa ndani ya nyumba yetu ya Kadutu mpaka kwenye ngazi. Mama yangu ni mwimbaji wa korali ya paroki tangu ujana wake. Ilikuwa zamu yake kukaribisha wakwe kwa wimbo. Alisimama, akaanzisha sauti, na kwenye neno la tatu dantie yake ya chini ilipanda, ikatoka mbele ya midomo. Aliidaka kwa mkono, akaifunga ndani ya pembe ya kitenge, akakaa. Wakwe walifanya kama hawakuona. Wamama wa korali walimalizia wimbo. Siku ile Mama hakula kitu, na nyuma ya siku ile hakurudi tena korali.

Jioni nilimkuta jikoni anasafisha masufuria ambayo yalikuwa masafi. Aliniambia: "Papa, hii kitu inanipatisha haya mbele ya batu. Acha nikuwe nakunywaka tu uji."

Niseme ukweli wangu mbele ya kuendelea. Miaka miwili mizima Mama alikuwa ananiambia "inacheza", na mimi nilikuwa najibu "utazoea, Mama". Nilimnunulia tubu ya pate ya kubandikia, nikafikiri nimemaliza kazi ya mtoto mwema. Sikuona ya kwamba alikuwa ameacha nanasi, kiisha mahindi ya kuchoma, kiisha nyama, kiisha hata sambaza, sababu mifupa yake midogo ilikuwa inaingia chini ya dantie na kumchoma fizi. Maharagi alikuwa anayameza mazima. Mtu wa miaka 62, mwenye kulima bado, alikuwa anaishi juu ya uji wa sosoma na ndizi za kuiva. Kitenge kile kile alichokuwa anazungusha mara moja, sasa kilikuwa kinazunguka karibu mara mbili.

Kwa nini dantie ya chini inacheza

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilishangaa: ilikuwa kama somo la kuhifadhi udongo.

Mfupa wenye kushika meno, ule ukingo wa taya, unaishi kwa kazi. Kila ukitafuna, mzizi wa jino unasukuma mfupa kidogo, na mfupa unajibu kwa kujijenga upya. Jino likitolewa, ile kazi inakwisha, na mwili unaanza kuondoa mfupa wenye hautumike tena. Ninyi wenye kupanda vilima vya Kabare ao vya Walungu mnajua kinachotokea fasi walikata miti yote na kungoa mpaka visiki: mvua mbili, tatu, na udongo wa juu umeshuka mtoni. Hapa hakuna mvua, ni mwili wenyewe unaobeba. Lakini matokeo ni yale yale: mlima unashuka.

Kupungua huko kunakwenda haraka zaidi mwaka wa kwanza nyuma ya kungoa meno, kiisha kunaendelea polepole maisha yote. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alitangaza matokeo ya watu wenye dantie waliofuatwa kwa muda wa miaka 25: taya la chini lilikuwa limepoteza urefu wa mfupa kama mara 4 kupita taya la juu. Kwa hiyo dantie ya Mama, iliyotengenezwa miaka saba mbele ya mahari, ilikuwa imetengenezwa kwa mlima ambao haupo tena.

Kuna sababu ya pili. Dantie ya juu inafunika kaakaa lote. Mate yanafanya utando mwembamba kati yake na nyama, inajinyonya, inashika. Ya chini haina bahati hiyo. Ina umbo la kiatu cha farasi, katikati kuna ulimi, pembeni kuna misuli ya mashavu na ya mdomo, na kila kimoja kinaisukuma upande wake. Ukisema, ukimeza, ukiimba, ulimi unaiinua. Njo maana wengi wanalalamika juu ya ile ya chini, na ya juu hawaitaji hata kidogo.

Kwa hiyo "utazoea" ni jibu la mtu asiyejua. Mtu anaweza kuzoea dantie mpya, miezi ya kwanza, ulimi ukijifunza kuishika. Lakini dantie iliyokaa vizuri miaka mitano kiisha ikaanza kucheza, hiyo si kukosa mazoea. Udongo umekwenda.

Mambo ya bei ndogo kwanza

Mtu asikimbilie operesheni. Kuna mambo yenye kufanywa mbele.

La kwanza ni kumwona daktari wa meno, hata kama mgonjwa hana jino moja. Anaweza kupunguza sehemu yenye kuchubua, na anaweza kujaza dantie upya upande wa ndani, yaani kuongeza resini ili ifuate umbo la taya la leo. Kwa watu wengi hiyo peke yake inatosha kwa miaka fulani. Dantie ikiwa imelika sana, inafaa kutengeneza mpya.

La pili: pate ya kubandikia inasaidia mtu aende kwenye harusi, lakini haitengenezi kitu. Ukiona kila wiki unaongeza kipimo, ujue dantie njo inaomba msaada. Na zile pate zenye zinki, mtu akizitumia nyingi sana kwa muda mrefu, zinaweza kuharibu mishipa ya fahamu.

La tatu: kisu kibaki jikoni. Mama alikuwa anapara dantie na kisu fasi inamuumiza. Jirani yetu moja alibandika yake iliyovunjika na gundi ya viatu. Yote mawili yanazidisha vidonda.

La ine: usiku dantie inatoka mdomoni, inapigwa brosi, inalala ndani ya maji. Fizi zinahitaji kupumua. Wenye kulala nayo wanapata mara nyingi wekundu wa kaakaa wenye kuletwa na kuvu.

Sisi tulifanya hayo. Dantie ilijazwa upya, ikakaa majuma machache, kiisha ikaanza tena kutembea. Taya la chini la Mama lilikuwa limebaki bapa kama meza. Hata ujaze namna gani, hakuna ukingo wa kuishika.

Shamba la Walungu

Hapo njo mjomba aliitisha kikao cha familia. Fasi fulani walikuwa wamempa karatasi ya bei: kuwekea Mama meno yote ya kukazwa, juu na chini, yasiyotoka kabisa. Bei ile iliweza kulipwa kwa njia moja tu: kuuza shamba la Walungu.

Shamba lile mimi nalijua mstari kwa mstari. Minervale yangu yote ilitoka pale, kwa maharagi na muhogo. Ile ya mdogo wangu wa mwisho, mwenye kuwa bado mwaka wa kwanza, inatoka pale pia. Mama alikaa kimya, mkono mbele ya mdomo. Mjomba alinigeukia: "Weye njo mwenye kusoma hapa. Tuambie: tuuzishe ao tusiuzishe?"

Wandugu, mnajua uzito wa neno hilo. Familia ikikulipia lisansi, siku moja inakuuliza jambo ambalo halimo ndani ya lisansi yako, na inangoja jibu kama vile unajua. Niliomba majuma mawili. Nilisoma, kiisha nilikwenda kuuliza daktari wa meno mwingine, mama moja mtulivu mwenye hakuwa na kitu cha kuniuzia siku ile. Haya njo niliyoelewa.

Implanti ni mzizi, si jino

Implanti ni skrubu ndogo ya titani, unene wa milimita 3 mpaka 5, urefu mara nyingi kati ya milimita 8 na 13. Inapandwa ndani ya mfupa wa taya, fasi ya mzizi wa jino. Jino ao dantie inakuja nyuma, juu yake.

Maarifa haya yalianza pasipo mtu kuyatafuta. Mwaka 1952, kule Uswidi, daktari Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza ginsi damu inatembea ndani ya mfupa wa sungura. Alikuwa ameingiza vyombo vidogo vya titani ndani ya mfupa wa mguu. Alipotaka kuvitoa avitumie tena, vilikataa: mfupa ulikuwa umeota na kushikamana na chuma. Titani ikigusa hewa inajifunika utando mwembamba sana wa oksidi, na mwili hauikatai kama mgeni. Brånemark alielewa ya kwamba amepata njia ya kutia mzizi wa chuma ndani ya mfupa hai. Mwaka 1965, mjini Göteborg, alimwekea implanti mtu wa kwanza, Gösta Larsson, mwenye kuwa na matatizo makubwa ya taya tangu kuzaliwa. Larsson alikufa mwaka 2006, miaka zaidi ya 40 nyuma yake, na implanti zake zilikuwa zinafanya kazi bado.

Kitu cha maana ni ile kushikamana. Mlimaji atanielewa upesi. Ukipanda kipande cha muhogo, kiisha kila asubui ukikitikisa uone kama kimeota, hakitaota kamwe. Vinyweleo vya mizizi vinakatika kila siku. Implanti pia, ikitikiswa siku za kwanza, mfupa hauishike. Fasi ya mfupa inaota nyama laini, na skrubu inatoka. Njo sababu wanasubiri. Kwa taya la chini desturi ya zamani ni kama miezi mitatu, la juu mpaka sita, juu mfupa wake ni laini zaidi. Siku hizi kwa wagonjwa fulani wanafupisha, lakini anayeamua ni daktari, kwa kupima.

Na joto pia. Watafiti wa kundi la Uswidi walionyesha ya kwamba mfupa ukipashwa nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kuharibika. Kwa hiyo wanatoboa polepole, kwa vyuma vikali, na maji yakimiminika saa yote. Fundi mwenye haraka anapika shimo, na mmea hautashika.

Mizizi miwili inatosha kwa taya la chini

Hapa njo penye jibu la shamba. Mimi nilifikiri, kama mjomba, ya kwamba implanti ni kukaza meno yote, mengi kwa mengi. Daktari yule mama aliniuliza: "Mama yako analalamika nini hasa?" Nikasema: ya chini inatoka. "Ya juu je?" Nikasema: ya juu haina neno. Akasema: "Basi tusiguse ya juu."

Mwaka 2002, kwenye chuo kikuu cha McGill mjini Montréal, Kanada, wataalamu walikutana juu ya swali hili moja: mtu asiye na jino hata moja chini apewe nini? Walikubaliana ya kwamba dantie ya kawaida peke yake haifai tena kuwa chaguo la kwanza. Chaguo la kwanza liwe dantie yenye kushikwa na implanti mbili. Mwaka 2009 wataalamu wa Uingereza walikutana mjini York, wakasema karibu vile vile.

Mbili tu. Zinapandwa upande wa mbele wa taya, karibu na fasi ya meno ya chonge, moja kuume na moja kushoto. Pale mbele mfupa unakuwa mgumu, na mara nyingi unabaki hata kwa watu waliopoteza mwingi nyuma. Tena pale ni mbali na mshipa mkubwa wa fahamu wenye kupita ndani ya taya upande wa nyuma. Mshipa ule ukiguswa, mdomo unaweza kubaki na ganzi. Juu ya kila implanti wanaweka kichwa kidogo cha chuma, na chini ya dantie wanaweka kikombe chenye plastiki ao mpira. Unasukuma, inalia "tak", imekaa. Ni kama vile vifungo vya kubana vya nguo za watoto wachanga. Kuna namna nyingine pia, kwa mfano fito ya chuma yenye kuunga implanti mbili, lakini kazi ni ile ile.

Mtu anatoa dantie yake mwenyewe usiku, anaisafisha, asubui anairudisha. Nyuma inakalia fizi bado, mbele inashikwa. Fikirieni mgomba wenye kuzaa mkungu mzito: hatuungoe tupande mwingine wa saruji, tunauwekea miti miwili ya kuushikiza, na unasimama mpaka mavuno. Tena kuna faida nyingine: mfupa wenye kuzunguka implanti umepata kazi upya, kwa hiyo unapungua kidogo sana kuliko pale hakuna mzizi. Mmerudisha miti kwenye kilima.

Ginsi ilipita kwa Mama

Daktari hakupanda kitu siku ya kwanza. Alipiga radio ya taya zima kuona urefu wa mfupa, kiisha akaomba kipimo cha sukari. Hapo tulipata habari ambayo hakuna mtu aliitafuta: sukari ya Mama ilikuwa juu, na hatukujua. Sukari isiyotawaliwa inachelewesha vidonda kupona na inaongeza hatari ya implanti kukataa. Tulingoja miezi mine, kwa dawa na kwa chakula, mpaka ikashuka. Nasema wazi: kama fasi ile ya kwanza wangemkaza meno yote juma lile, pasipo kupima, sijui tungekuwa wapi.

Kiisha aliangalia dantie yenyewe. Akasema ya chini ni nzee, meno yake yamelika, haikutani vizuri na ya juu. Implanti haziponye dantie mbaya. Kwa hiyo ilipangwa kutengeneza mpya ya chini.

Siku ya kazi ilichukua kama saa moja na nusu, kwa sindano ya ganzi, Mama akiwa macho. Alirudi nyumbani na uvimbe, dawa za maumivu, na amri ya kula vitu laini. Dantie ya zamani ilichimbwa ndani na kuwekewa kitu laini ili isigonge zile skrubu. Miezi mitatu. Mie nilihesabu kama mtu mwenye kungoja mahindi. Kiisha walifungua, wakafunga vichwa vidogo, wakapima dantie mpya. "Tak."

Bei? Bei inatofautiana kwa mji na kwa daktari, siwezi kuwatajia ya kwenu. Kwetu haikufika theluthi moja ya ile karatasi ya kwanza. Tulichanga: kaka, dada, likelemba ya shangazi, na mimi nilitoa pesa ya kazi ya uchunguzi wa miche niliyofanya. Shamba la Walungu limebaki. Msimu huu kuna maharagi ndani.

Mipaka yake

Nisifanye kama muuzaji. Implanti si muujiza.

Zinahitaji usafi wa kila siku. Fizi yenye kuzunguka implanti ikijaa uchafu, inavimba, mfupa unaanza kupungua, na skrubu inaweza kupotea. Mpira wa ndani ya kikombe unachoka, unabadilishwa kila mara. Fasi ya nyuma ya taya inaendelea kushuka, kwa hiyo dantie itajazwa upya siku moja. Kwa hiyo usiende kufanyiwa fasi ambayo hutaweza kurudi. Pesa ya safari ya kurudi ni sehemu ya bei.

Kuna watu wenye daktari ataogopa kupandia: wenye sukari isiyotawaliwa, wenye kuvuta tumbaku sana, waliopata mionzi ya kansa kwenye taya, na wenye kutumia dawa fulani za kuimarisha mifupa ao za kansa. Kwa hiyo mzazi aseme dawa zake zote, hata za zamani.

Taya la juu nalo ni jambo lingine. Mfupa wake ni laini, mara nyingi wanahitaji implanti ine ao zaidi kushika dantie. Njo maana kama ya juu inakaa, heri kuiacha.

Zaidi ya hayo, kazi hii ikifanywa vizuri kwa mtu aliyechunguzwa, inadumu: kwenye taya la chini, upande wa mbele, zaidi ya implanti 90 kwa 100 zinakuwa bado mahali pake nyuma ya miaka kumi.

Maswali ya kuuliza mbele ya kulipa

1. Je, kujaza dantie upya hakuwezi kutosha?
2. Ni taya gani yenye shida kweli? Kwa nini tuguse lile lingine?
3. Mtapiga radio na kupima sukari mbele ya kuamua?
4. Implanti ngapi, na kwa nini hesabu hiyo?
5. Ni za aina gani, na vipande vyake vitapatikana nyuma ya miaka mitano?
6. Tutangoja muda gani, na Mama atavaa nini wakati wa kungoja?
7. Mpira ukichoka, ao skrubu ikikataa, nani atalipa?

Fasi ambayo wanakasirika ukiuliza hayo, shukuru, rudi nyumbani.

Ya mwisho

Mama hajarudi kuwa msichana. Mahindi ya kuchoma bado anayapukuchua kwa mkono, punje kwa punje, anayatafuna polepole upande wa kushoto. Lakini anatafuna. Uzito umerudi, sukari anaifuata. Juma la Pasaka alivaa kitenge cha korali. Nilikaa nyuma kabisa ya kanisa, na kila mara sauti ilipopanda nilishika benchi kwa mikono miwili. Dantie haikutoka. Nyuma ya misa aliniambia tu: "Twende, kuna nyama nyumbani."

Wandugu, sisi tuliosoma tunaulizwa mambo mengi tusiyojua. Mie nilijibu vibaya mara ya kwanza, kwa neno moja la haraka, na Mama alililipa kwa miaka miwili. Karibu nijibu vibaya mara ya pili, na tungelilipa kwa shamba. Haikuniomba niwe daktari. Iliniomba niulize swali lile la yule mama mtulivu: unalalamika nini hasa?

Leo jioni, mkikaa mezani na wazazi, muangalie kwenye sahani wanachosukuma pembeni. Kiisha muulize kwa adabu, pasipo watoto kusikia: Mama, Papa, ni chakula gani umeacha kula, na tangu lini?